Mpwa wangu ni mwanamieleka wa pauni 268: anafaa safu ya mbele ya futiboli chuoni au tunajidanganya?

Mjomba wa Cedar Rapids (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kushoto.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko darasa la 11 hapa Iowa, Marekani. Kakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kaja huku na miaka 12, futiboli ya Wamarekani hajawahi hata kuiona kwenye kibanda cha video. (Nikisema futiboli humu ni ile ya kofia na mabega ya plastiki. Soka ni soka.) Mieleka aliingia darasa la 9 kwa sababu moja tu: baridi. Chumba cha mieleka ndicho chenye joto kuliko vyote pale shuleni, na ndio mchezo ambao kocha hamfukuzi mtu. Akaenda kuota moto, akabaki.

Leo ana futi 6 na inchi 3, pauni 268, yaani kama kilo 122. Anapigana uzito wa juu kabisa, ule wenye kikomo cha pauni 285. Msimu huu kashinda 31, kapoteza 9. Futiboli kacheza misimu miwili, mmoja safu ya ulinzi, mmoja gadi upande wa mashambulizi (mmoja wa wale watano wa safu ya mbele wanaomkinga mrusha mpira), na kusema kweli video zake za futiboli ni za kawaida. Timu yao inafungwa sana, unamwona anasimama tu mpira umeshampita.

Kilichonileta ni pambano lake la mwisho, Februari. Alikuwa na jamaa mzito kuliko yeye, mwenye medali ya jimbo ya mwaka jana. Dakika ya sita imeingia, kijana wetu yuko nyuma kwa pointi moja, na yule anamsukuma tu ili muda uishe. Akamfikisha ukingoni, unyayo wa kulia umeshagusa mstari. Nikajua basi, anatoka nje. Hakutoka. Alikunja magoti, nyonga zikashuka, akapenyeza mikono yote miwili ndani ya makwapa ya yule bwana, kisha akaanza kumrudisha kwa vihatua vifupi vifupi, kama mtu anayehamisha friji jikoni peke yake. Akamfikisha katikati ya mkeka. Muda ukaisha, akapoteza kwa pointi ile ile moja.

Nyuma yangu kulikuwa na mzungu mmoja na kijitabu. Akanigusa bega: "Yule wa kijani anacheza futiboli?" Kumbe ni kocha wa chuo cha daraja la pili, Division II. Wiki iliyofuata akapiga simu shuleni. Chuo kingine nacho kinamtaka kwa mieleka.

Sasa dada yangu hataki kusikia. Kaniambia, "Huyu mtoto nilimtoa vitani mgongoni, leo unataka umrudishe vitani umemvika kofia?" Nami sina jibu. Wajuzi, mtu anapimaje mwanamieleka kama atafaa safu ya mbele? Au yule kocha anatupa ndoano tu?

Mtazamaji

Ngoja waje. Nimekaa paleee na kahawa yangu.

Gadi wa Zamani

Mjomba, shikamoo. Mimi ni mtoto wa Kisii niliyekulia Minnesota, nimecheza gadi miaka minne Division II, na mgongo unanikumbusha kila asubuhi nikifunga viatu. Jibu umeshaliandika mwenyewe bila kujua.

Ile 31 kwa 9 iweke pembeni. Uzito wa 285 kwenye shule ndogo, nusu ya wapinzani ni vijana waliookotwa kujaza nafasi. Ukimlalia shingoni dakika nne anachoka, unamwangusha, unaandikiwa ushindi. Kuna mabingwa wa namna hiyo wengi: wanashika, wanaegemea, wanangoja. Mtu wa kuegemea ukimpeleka kwenye safu ya mbele ataanguka kifudifudi, maana kule yule anayeegemewa huondoka. Ona sasa yule kocha aliuliza lini. Hakuuliza kijana alipopata pointi, aliuliza aliposukumwa.

Pale ukingoni ulichokiona ndiyo kazi yote ya gadi. Magoti yamekunjwa, mgongo haukukunjwa. Mikono imeingia ndani, haikuzunguka nje. Miguu haikusimama. Kwenye safu tulikuwa tunaambiwa aliye chini ndiye mshindi, na mtoto mrefu wa futi 6 na 3 anayejua kushuka bila kuinama kiunoni ni adimu. Wengi wanainamisha kichwa wakidhani wameshuka.

Nenda katazame tena video za mieleka, achana na za futiboli kwanza. Tafuta pale anapoanza chini: kapiga magoti, viganja kwenye mkeka, mwenzake kamshika kiuno kwa nyuma. Filimbi ikilia, anainukaje? Akitangulia kichwa huyo bado. Nyonga zikifyatuka kwanza, akasimama na mtu wa pauni 280 mgongoni, hapo umeona jinsi atakavyotoka mkono mmoja ukiwa chini pale mpira unapoanza. Ni mwendo ule ule.

Halafu tafuta mapambano tisa aliyopoteza. Yote tisa. Angalia sekunde tano baada ya kuangushwa. Kuna mtu akianguka anaangalia taa za ukumbini, na kuna mtu ameshageuka tumbo anatafuta goti. Gadi atapigwa kila Jumamosi, hata aliye bora. Mchezo mmoja ni kama sekunde tano za vurugu, halafu saa ya sekunde 40 inahesabu, mnajipanga, mnarudia, mara sitini au sabini.

Kipimo Sahihi

Naomba nimwage maji kidogo kwenye huo moto. Mnasahau Gable Steveson? Dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo, bingwa wa vyuo, mwepesi kama paka. Mei 2024 Buffalo Bills, timu ya ligi kuu ya NFL, wakamsajili kwa safu ya ulinzi, hajawahi kucheza futiboli. Agosti wakamwacha. Brock Lesnar naye, bingwa wa NCAA (chama cha michezo ya vyuo) mwaka 2000, alijaribu Minnesota Vikings 2004, akakatwa kabla msimu haujaanza. Kama hao hawakuweza, mtoto wa darasa la 11 aliyepoteza mara tisa ataweza?

Mieleka ni mieleka. Mkiambiwa mnanuna.

Gadi wa Zamani

Sinuni mkuu, ila umechagua upande mmoja wa gunia. Stephen Neal je? Huyo alimfunga Lesnar huyo huyo kwenye fainali ya NCAA 1999, akawa bingwa wa dunia mwaka ule ule, na chuoni hakucheza futiboli hata siku moja. Patriots wakamchukua 2001, wakamwacha, wakamrudisha, na hadi 2004 ndipo alipotulia sawasawa kwenye kikosi. Kastaafu na pete tatu za Super Bowl, fainali ya NFL. Na Carlton Haselrig: mataji sita ya NCAA, chuo chake hakikuwa hata na timu ya futiboli, Steelers wakamchukua raundi ya 12 ya kuchagua wachezaji wapya mwaka 1989, na 1992 yuko Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi.

Sasa linganisha. Lesnar na Steveson waliwekwa ulinzi. Neal na Haselrig walifanikiwa wakiwa gadi, katikati kabisa, mahali penye msongamano ambapo mtu yuko mbele yako tayari, huhitaji kumkimbilia. Watu wanne si sensa, najua, lakini mimi naiamini hiyo tofauti kwa sababu nimeiishi. Ulinzi unadai ujue mpira unaelekea wapi kwa kufumba na kufumbua, huku unakimbia. Gadi anapewa mtu, anaambiwa huyo ni wako.

Na wote wanne walijaribu wakiwa watu wazima. Mpwa wa mjomba ana miaka 17 na misimu miwili tayari.

Dereva wa Usiku

Kwa tulioko Iowa huu mjadala si mgeni. Tristan Wirfs wa Mount Vernon, hapo karibu kabisa na mjomba, alichukua ubingwa wa jimbo wa uzito wa juu 2017, na ilibidi apunguze kilo ili mizani ikubali 285. Akaenda Hawkeyes, timu ya Chuo Kikuu cha Iowa, 2020 akachaguliwa wa 13 na Tampa Bay, mwaka wa kwanza tu kabeba Super Bowl. Mtu wa pauni 320 aliyeruka juu inchi 36 na nusu! Na kuna kijana wa Solon, Tyler Linderbaum, aliyewahi kumfunga Wirfs huyo kwenye mkeka. Iowa walimwanzisha ulinzi, wakamhamishia senta (yule wa katikati ya safu anayeuanzisha mpira), 2021 akapewa tuzo ya Rimington ya senta bora nchini, 2022 yuko Ravens raundi ya kwanza.

Kirk Ferentz alikuwa kocha wa safu ya mbele pale Iowa tangu 1981 hadi 1989, akaja kurudi kama kocha mkuu 1999. Hawa watu wanajua wanachokitafuta kwenye kumbi za mieleka. Mimi nikipita na lori barabara ya I-80 mwezi wa pili, wakati wa mashindano ya mieleka ya jimbo, hoteli za Des Moines zimejaa makocha.

Kipimo Sahihi

Wirfs ni jini, tusimtumie kama rula. Tuongee mwili. Mjomba, mpime mikono. Si kwa macho, kwa futi ya fundi cherehani. Kutoka kwenye mfupa wa juu ya bega hadi ncha ya kidole cha kati, mkono umenyooka. Kwa takoli, yule wa pembeni mwa safu, wanamtaka mwenye inchi 33 na zaidi, kwa sababu anayemgusa mwenzake kwanza ndiye anayeamua. Linderbaum alipimwa 31 na kidogo, ndiyo maana alikaa senta na si pembeni. Halafu angalia viganja, vifundo vya miguu, upana wa mabega. Hivyo ndivyo vinavyosema kama pauni 268 zinaweza kuwa 295 bila kugeuka tumbo.

Mjomba wa Cedar Rapids

Nimempima jikoni, anacheka muda wote. Mkono wa kulia inchi 32 na robo tatu. Kiatu namba 15, tunaagiza mtandaoni kwa sababu dukani hakuna. Mabega yanagusa fremu za mlango wa choo pande zote mbili. Tumbo lipo, sitadanganya, ugali wa dada yangu si mchezo.

Na kocha aliuliza umri halisi. Nikamwonyesha karatasi: Januari 1, tarehe wanayoandikiwa wakimbizi wengi wasio na cheti. Akatabasamu. Nikamwambia bwana, jengo letu zima limezaliwa Januari 1, hata bibi.

Gadi wa Zamani

Hahaha, kwetu pia keki ni moja.

Inchi 32 na robo tatu, huyo ni gadi au senta. Pembeni asijaribiwe, atateswa na vijana wenye kasi. Lakini Kipimo Sahihi kasema jambo nililoliruka, nami niseme yale yasiyohama kutoka mkeka kwenda uwanjani, mama asije akadhani nauza nyanya.

Mwanamieleka amefundishwa kushika. Gadi akishika jezi nje ya mabega ya mtu, refa anarusha kitambaa cha njano na timu inarudi yadi 10. Mimi mwaka wa kwanza nilitupiwa vitambaa hadi kocha akanifunga soksi mikononi mazoezini nisiweze kukunja vidole. Pili, mwanamieleka hupiga goti ili aingie miguuni kwa mtu. Gadi akipiga goti amejiondoa mwenyewe, kwotabeki (mrusha mpira) anazikwa. Tatu, na hili ndilo linaloua wengi: mkekani unamwendea mtu. Kwenye pasi, yaani kwotabeki anapotaka kurusha, unarudi kinyumenyume, miguu inateleza bila kupishana, mikono iko tayari, unamngoja. Kungoja ni kugumu kwa mtu aliyezoea kuvamia. Mpe kijana mazoezi hayo sasa hivi kwenye maegesho, hatua tano nyuma kwa mshazari, uone kama miguu inagongana.

Mwisho ni kichwa. Mkekani uko peke yako, ukikosea umejikosea. Kwenye safu mko watano na mnahama kama mtu mmoja, tena kwa maneno ya siri yanayobadilika ukiwa umeshainama. Kiingereza chake kikoje pale kelele zikiwa nyingi? Namaanisha, anasikia na kugeuka papo hapo?

Mama Wawili

Naomba niingie, nyote mnapima mikono hakuna aliyepima karatasi za shule.

Mjomba, mimi nimepitia haya na mwanangu wa kwanza. Chuo cha Division I au II, mtoto anahitaji masomo ya msingi 16 yanayotambuliwa na NCAA: Kiingereza, hesabu, sayansi, historia na kadhalika. Wastani usishuke 2.3 kwa Division I, 2.2 kwa Division II. Division I wanataka 10 kati ya hayo 16 yawe yamekwisha kabla ya kuingia darasa la 12. Mtihani wa SAT, ule wa kuingilia chuo, waliuondoa kwenye masharti 2023. Sasa sikiliza: madarasa ya Kiingereza ya wageni si yote yanahesabiwa. Mwanangu alikuwa na alama nzuri kabisa, tukaja kugundua madarasa mawili hayamo kwenye orodha ya shule yake. Mshauri wa shule hakuwahi kututajia. Tulilipa kwa majira ya joto, alikaa darasani Juni na Julai wenzake wako kambini.

Mwambie dada yako aende yeye shuleni aombe orodha hiyo, asikutume wewe. Akishika hiyo karatasi mkononi ataongea na makocha kama mzazi.

Na pesa. Mieleka ya Division II kikomo cha ufadhili ni sawa na nafasi 9 kamili kwa timu nzima, futiboli 36, na zote hukatwa vipande. "Ofa" inaweza kuwa robo ya ada. Ukiambiwa ofa uliza kwa dola na kwa miaka mingapi, iandikwe. Na kwa kuwa waliingia kama wakimbizi, wajaze FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa ada, wana haki ya msaada wa serikali. Wakati mwingine hiyo inazidi ya mchezo.

Dereva wa Usiku

Mama, hii ndiyo comment ya uzi. Naomba ibandikwe juu.

Kipimo Sahihi

Nakubali. Swali moja: aache mieleka darasa la 12 ili anenepe? Nasikia makocha wengine wanashauri hivyo.

Gadi wa Zamani

Asithubutu. Wirfs alikuwa anajikondesha kwa ajili ya mieleka msimu wa mwisho na hakuna aliyemwona mjinga. Unene utakuja chuoni, wana jiko na mtu wa mizani. Miguu ile ya ukingoni haiji na wali.

Na kuhusu hofu ya mama, hiyo siitanii. Kichwa ni kichwa. Aulize kocha uso kwa uso: nani anaamua mtoto akigongwa, kocha au daktari? Kocha akianza kuzunguka, aondoke.

Mtazamaji

Wakuu samahani kwa swali la kijinga, hivi wakimlaza mtu chali kule wanaita nini? Niliona kwenye video wanashangilia.

Dereva wa Usiku

Wanaita panikeki. Sisi tuseme chapati.

Mjomba wa Cedar Rapids

Narudi na mrejesho, wiki tatu baadaye.

Dada yangu alikwenda shuleni na kanga yake na mwanawe wa pili wa kutafsiri. Akatoka na orodha: darasa moja la Kiingereza halihesabiki. Kaandikishwa la majira ya joto. Mama Wawili, Mungu akuweke.

Tukaenda siku ya wazi ya kile chuo, mama naye kapanda gari. Nilifanya ujanja, nilikaa pembeni nikatazama miguu tu kama Gadi alivyosema. Kurudi nyuma kwenye pasi, mara nne za kwanza miguu iligongana, mara ya pili akakaa kitako kabisa. Kushika: kitambaa, kitambaa, kitambaa. Halafu wakaweka zoezi la mtu na mtu, nafasi finyu kati ya makoni mawili. Kijana mmoja wa mwaka wa tatu, pauni 300 na ushee, akamsukuma hadi koni inataka kuanguka. Magoti yakakunja. Friji likaanza kurudi jikoni.

Kocha wa safu hakushangilia. Alimwita pembeni, akampa mpira, akamwambia ajaribu kuurusha nyuma katikati ya miguu. Senta! Mipira sita ya kwanza ilipita juu ya kichwa cha kwotabeki.

Mama ndiye aliyeuliza lile swali la daktari, kwa Kiswahili, mimi nikatafsiri. Kocha akasema anaamua daktari, yeye kocha hana neno, akaita daktari wa timu aje amwambie mwenyewe. Dada akamsikiliza, akatikisa kichwa, hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Kwenye gari kaniuliza chuo kile kina masomo ya uuguzi.

Sasa hivi ninavyoandika, kijana yuko kwenye korido anarusha mpira kinyumenyume kwa mdogo wake. Chupa ya chai imeshavunjika, na dada anadai ile ilikuwa yangu.